Waliokuja na Trela

Nilipoona kivuli cha ndege yangu kinakimbia juu ya shamba la watu, kikubwa kuliko nilivyotaka kukiona, nilijua kwamba siku ile sifiki.

Nilikuwa peke yangu. Uzi mwekundu uliobandikwa nje ya kioo ili unionyeshe upepo unavyopita ulikuwa umelala tuli, kama mteja aliyesinzia chini ya draya. Mshale wa kimo ulikuwa unateremka bila haraka wala huruma. Ndege isiyo na injini haikohoi wala haizimiki. Inashuka tu, kwa adabu zake, huku wewe ukitokwa jasho viganjani. Wingu nililolifuata kwa matumaini makubwa lilikuwa limeshakatika vipandevipande, na kila nilipozunguka chini yake kutafuta ile hewa ya joto inayopanda, ambayo sisi klabuni tuliiita lifti, nilijikuta chini zaidi ya pale nilipoanzia.

"Chagua shamba ungali na uwezo wa kuchagua," mwalimu wangu alizoea kuniambia. "Usingoje shamba likuchague wewe."

Basi nikachagua. Lilikuwa shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa, limebaki mabua mafupi yenye rangi ya mkate. Nikatafuta nguzo, maana nyaya za umeme hazionekani kutoka juu, nguzo ndizo zinazoonekana. Nikatafuta ng'ombe. Nikatafuta mteremko. Yote niliyasema kwa sauti kama mtu anayegombana na nafsi yake. Kisha nikafungua breki za mabawa, nikapita juu ya ua wa michongoma, gurudumu likagusa, mabua yakaanza kukwaruza tumbo la ndege kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Ndege ikapunguza mwendo, ikasimama, ikainamisha bawa moja taratibu, kama mtu anayekaa chini baada ya kazi.

Nilicheka. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba sasa itabidi nimpigie mtu simu, na kwamba yupo mtu mmoja ambaye singeweza kumpigia.

Mimi ni msusi. Nina saluni yenye viti vinne na madraya matatu, na sikuwahi kuota ndoto ya kuruka. Yote yalianzia kwenye beseni la kuoshea nywele. Kulikuwa na mteja wangu mmoja aliyekuja kila Ijumaa na kichwa kilichojaa vumbi na grisi, nami siku moja nikamuuliza, "Dada, hiki kichwa kimetoka vitani?"

"Kimetoka uwanjani," akasema, macho ameyafumba, povu limemfika masikioni. Akanieleza kwamba anaendesha winchi, ile mashine yenye pipa la waya mrefu inayovuta glaida, ndege zisizo na injini, mpaka zinapaa, kama mtoto anavyokimbia na tiara. Nikamwambia ananidanganya. "Njoo Jumamosi," akasema, "uone kama nadanganya."

Nilikwenda na viatu visivyofaa. Nikakabidhiwa kwa mwalimu, na mwalimu mwenyewe alikuwa mwenye bucha. Ndiyo, bucha ya nyama. Wiki nzima alisimama nyuma ya mzani na aproni nyeupe, na mwisho wa wiki akavaa kofia ya turubai, akafundisha watu kuruka bila kuchukua hata senti, kwa sababu naye alifundishwa hivyohivyo. Sote tulimwita Bucha, naye aliitika. Alikuwa mtu wa mwili, na kuingia kiti cha nyuma kulimchukua muda na pumzi, lakini sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa.

Winchi ilituvuta. Tulipofika juu, kitu kikagonga chini ya miguu yangu, waya ukaachia, na kelele zote zikakatika mara moja. Ilikuwa kama pale umeme unapokatika saluni na madraya yote yananyamaza kwa pamoja, na ghafla unasikia watu wanavyopumua.

"Haya, chukua usukani," sauti ya Bucha ikasema nyuma yangu.

Niliukaba. Ndege ikayumba kama mlevi.

"Dada, usimnyonge, hajakukosea. Unamchanaje mtu anayeumwa kichwa?"

"Polepole."

"Basi ndivyo hivyo."

Niliulegeza, na ndege ikanyooka. Nadhani ni pale nilipopotea moja kwa moja.

Jioni ile mezani nilimwambia mume wangu. Mume wangu ni fundi wa jenereta, mtu mpole, anayependa vitu vilivyofungwa barabara kwa nati na bolti na kukaa chini. Kijiko chake kikasimama njiani. "Umepanda nini?" akauliza. Nikarudia. Hakupandisha sauti. Alinawa mikono, akatoka nje, akawa anaosha gari lililokuwa safi.

Nilijua sababu. Tulioana tukiwa vijana, na nilijua kwamba baba yake alikuwa fundi wa kuezeka, kwamba alianguka kutoka juu ya jengo, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa bado anajifunza kusoma siku ile walipokuja watu kumwita mama yake. Zaidi ya hapo sikujua, kwa kuwa habari hiyo nyumbani kwetu haikuzungumzwa. Ilijionyesha kwa mambo madogo tu. Ngazi ya nyumbani ilikuwa yangu. Balbu zilipoungua nilibadilisha mimi, naye alikuwa anasimama mlangoni, mgongo amenipa.

Aliporudi ndani aliniambia, "Sikukatazi, mama watoto. Wewe ni mtu mzima. Ila mimi usinihusishe. Usiniite huko uwanjani, kwa lolote."

Nikakubali. Nilidhani mambo yameishia hapo, na kwamba na mimi nitaacha baada ya siku chache kwa aibu. Mama mkwe wangu ndiye aliyeharibu mpango huo. Alikuwa anaishi nasi, na asubuhi iliyofuata alinikuta jikoni.

"Jumamosi saluni nitakaa mimi," akasema.

"Mama, wewe huwezi hata kufunga rola."

"Msaidizi wako atasuka. Mimi nitawapanga. Kwani kupanga watu kunataka cheti?"

"Na mwanao?"

Alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Mwanangu ana hofu yake, na ana haki nayo," akasema. "Lakini hofu hiyo ni yake, siyo yako. Nenda."

Kwa hiyo kila Jumamosi mimi nilikwenda kuruka na mama mkwe akatawala saluni. Aliipanga foleni kuliko askari wa barabarani. Wateja waliozoea kuchelewa wakaacha kuchelewa. Nilipoanza kusomea mtihani wa nadharia, alikaa na kitabu changu mapajani akaniuliza maswali huku nasuka, na kina mama waliokuwa chini ya madraya wakaingilia kati bila kualikwa. "Mawingu yapi yanaashiria hewa inayopanda?" mama anauliza. "Yale ya pamba!" mteja anapiga kelele, maana mtu aliye chini ya draya hajui anavyopiga kelele. Mmoja wao, fundi cherehani, alijua sheria za kupishana angani kuliko mimi. Siku nilipofaulu nadharia, saluni nzima ilidai pongezi, na walistahili.

Siku ya kuruka peke yangu kwa mara ya kwanza haikutangazwa. Tulitua, Bucha akajikwamua kutoka kiti cha nyuma, akaufunga mkanda juu ya kiti kitupu, akajipangusa suruali. "Mimi nimechoka," akasema. "Nenda tu mwenyewe. Itapanda haraka leo, ndege imepumzishwa." Na kweli, bila mwili wake ile glaida iliruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Nilizunguka uwanja nikiwa na kimya kitupu mgongoni, nikatua, na nilipofungua kioo nikamwona Bucha amegeukia upande mwingine, anapenga kamasi kwa nguvu na kulalamikia vumbi.

Kilichobaki kabla ya kukutana na mtahini wa cheti cha urubani kilikuwa safari moja ya peke yangu, kutoka uwanja wetu hadi uwanja mwingine, kwa kubebwa na hewa peke yake. Msimu wa hewa nzuri ulikuwa unaelekea ukingoni. Na katika safari hiyo ndipo nilipojikuta shambani, mabua yamenizunguka, simu mkononi.

Kabla sijapiga, mwenye shamba alikuwa ameshafika, bibi mmoja mkakamavu aliyevaa mabuti ya mpira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeanguka?"

"Sijaanguka, mama. Nimetua."

Aliizunguka ndege, akaichungulia mbele na nyuma. "Injini yake iko wapi?"

"Haina injini."

"Basi aliyekuuzia amekuibia," akasema, na tukacheka wote wawili mpaka nikashika bawa nisianguke. Aliniletea maji kwenye jagi la plastiki. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale.

Nilimpigia Bucha. "Wewe mzima?" akauliza. Mzima. "Ndege?" Nzima. "Basi umeruka vizuri sana leo, kuliko wote waliofika." Akasema gari la klabu limeharibika klachi, lakini nisihofu, litapatikana lingine lenye ndoano ya kuvuta trela la kubebea ndege. Nikakaa kivulini chini ya bawa, nikangoja.

Lililokuja nililijua kwa sauti kabla sijaliona. Mke wa fundi huwa anaijua injini ya mumewe. Ile pikapu yetu ya milango minne, inayovuta majenereta wiki nzima, iliingia shambani polepole ikivuta trela jeupe, refu kama samaki. Bucha alikuwa amekaa mbele. Mama mkwe alikuwa nyuma, mkoba mapajani. Na kwenye usukani alikuwa mume wangu.

Baadaye nilisimuliwa ilivyokuwa. Dada wa winchi alipiga simu saluni kuuliza kama kuna mteja mwenye gari la kuvuta. Mama akajibu, "Lipo." Kisha akampigia mwanawe: "Mkeo ametua kwenye shamba la watu, mzima, anasubiri gari. Gari ni lako. Ukitaka kukasirika, kasirika ukiwa njiani."

Alishuka, akanijia, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Aliniwekea kiganja begani kama anavyopima mashine kama imepata moto.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Umekula?"

"Hapana."

Akarudi garini, akaniletea mkate na maziwa. Akaanza kuizunguka ndege, mikono nyuma, uso umefungwa. Nilikuwa nimemwona akiizunguka hivyo mashine ya mteja, ile ambayo bado hajaamua kama aikubali. Bucha alimwacha. Kumbe yule mtu alijua kungoja.

"Haya mabawa," mume wangu akasema hatimaye, "yameshikwa na nini?"

"Pini."

"Pini tu?"

"Pini tu. Njoo uzione, ndizo tunazotoa sasa hivi."

Bucha akafungua kifuniko nyuma ya kiti. Mume wangu akainama, akaingiza mkono hadi begani, akawa anapapasa. Tulishika mabawa, mimi ncha hii, mama na mwenye shamba ncha ile, wakibishana nani anashika vizuri. Pini ya kwanza ikatoka. Ilikuwa nene kuliko kidole gumba chake, inang'aa. Aliigeuza mwangani, akaipima uzito kiganjani, akapitisha ukucha kuona kama ina mchubuko. Akatoa kitambaa mfukoni, akaifuta grisi ya zamani, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Hii haiendi popote," akasema. Hakumwambia mtu yeyote. Lakini mimi, nikiwa nimeshika ncha ya bawa langu mbali kule, nilimsikia.

Tulirudi taratibu, trela nyuma yetu. Sasa mama alikaa mbele, mimi na Bucha nyuma. Mwanga wa alasiri ulikuwa unapita kwenye madirisha. Kisha mume wangu, macho barabarani, akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu alipokuwa mtoto.

"Mama. Baba alikuwa anaogopa?"

Mama hakustuka. "Kila asubuhi," akasema. "Chai ilikuwa haipiti. Akipanda ngazi anaogopa. Akishafika juu, haogopi tena. Alikuwa ananiambia, kule juu mtu unapumua."

"Mimi nilidhani alikuwa haogopi. Nilidhani ndiyo maana alianguka."

"Alianguka kwa sababu mbao ilikuwa imeoza, mwanangu. Si kwa sababu alipenda kazi yake."

Mume wangu alipunguza mwendo, akawasha taa ya pembeni, akasimamisha gari kando ya barabara. Alikaa hivyo, mikono yote miwili kwenye usukani. Mama akamshika shingo kwa nyuma, kama unavyomshika mtoto unapomnyoa, na hakumwambia aache kulia. Bucha aligeukia dirisha akawa anasoma mabango ya biashara moja baada ya jingine. Nami nilitazama kisogo cha mume wangu, ambacho nimekinyoa mwenyewe miaka yote ya ndoa yetu, nikaona kwamba sikuwahi kukiona kikilegea namna ile.

Safari niliirudia kabla msimu haujafungwa. Siku hiyo mawingu ya pamba yalijipanga kama yameitwa, nikafika, nikanywa soda, nikarudi na ndege yangu ndani ya trela, kama mtu wa maana. Mtahini alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye hakutabasamu hata mara moja. Wakati winchi inatuvuta, tukiwa bado chini sana, alifyatua waya bila kunionya, kunipima. Pua ya ndege ilikuwa inatazama mbinguni. Niliisukuma chini, nikangoja mwendo urudi, nikatua mbele moja kwa moja, na ni baada ya kusimama tu ndipo moyo ulipopata habari. "Vizuri," akasema. Baada ya kuruka tena mara mbili akanipa mkono. "Sasa unaweza kubeba mtu. Chagua atakayekuamini."

Mtu huyo alikuwa ameshajichagua mwenyewe. Jumamosi iliyofuata mama mkwe alifunga saluni, akaandika kwa chaki mlangoni, "Tumekwenda juu," akaja uwanjani na suruali aliyoazima kwa msaidizi wangu. Mume wangu alituleta. Alisema atangoja garini. Lakini nilipokuwa namfunga mama mikanda kwenye kiti cha nyuma, nilimwona amesogea mpaka kwenye uzio, kisha ndani ya uzio, na Bucha anamwonyesha namna ya kushika ncha ya bawa na kukimbia nayo hatua za kwanza. Alikimbia vibaya, kama mtu anayewahi basi akiwa amebeba sufuria. Bawa halikugusa chini.

Tulipanda. Waya ukaachia, kimya kikaja. Nikangoja kusikia anaogopa. Nikapata lifti juu ya mji, nikaanza kuzunguka, na nyumba zikawa zinageuka chini ya bawa, ndogo, safi, kila moja na kivuli chake.

"Mapaa yote yale," mama akasema nyuma yangu, mahali ambapo siku zote ilitoka sauti ya Bucha. Alisema kama anayeongea na mtu aliye karibu naye zaidi yangu. "Ile shule. Na yale marefu karibu na tangi la maji. Yale aliezeka yeye. Hata moja halijang'oka."

"Nikupitishe tena, mama?"

"Nipitishe tena."

Nilimpitisha mpaka hewa ikaisha. Nilikuwa nawaza watu: yule mwenye bucha ambaye hakunidai kitu, dada aliyeniambia njoo Jumamosi, wanawake waliojifunza mawingu vichwa vyao vikiwa na rola, bibi na jagi lake la maji. Nilikuwa nimeitwa rubani, na cheti kilikuwa na jina langu peke yangu, lakini sikumbuki hatua hata moja niliyopiga ambayo mtu hakuwa ameishika ncha.

Tulipotua, mume wangu alikuja mbio, akafungua kioo kabla yangu, akamtoa mama kwa mikono miwili, taratibu, kama anatoa kitu cha kioo. Mama akasimama kwenye nyasi, akajinyoosha, akamtazama mwanawe usoni, akamshika shavu. Kisha akaondoka kuelekea kibandani kutafuta chai, amemshika Bucha mkono, anamweleza jinsi saluni inavyotakiwa kuendeshwa.

Mume wangu alibaki. Aliweka kiganja kwenye ubavu wa ndege, akachungulia ndani, akaivuta mikanda kuona ilivyofungwa, akapima kwa macho kutoka ukuta hadi ukuta.

"Hiki kiti cha nyuma," akasema, bila kunitazama. "Mtu mwenye miguu mirefu, magoti anayaweka wapi?"